Firigisi ya Kaka Shadrack

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na mbili. Kamanda bado amelalia mayai yake tisa ndani ya lile beseni lililopasuka, nyuma ya sukuma wiki. Nimembadilishia maji. Amenidonoa. Mkono una alama tatu sasa na bado nampenda.

Binti zake wawili, Soni na Shangwe, wamechimbua dania yote. Nimewatukana kidogo, nikawapa ugali wa jana.

Nikiwa nafagia banda, simu ikalia. Kaka Shadrack. Miaka minne hashiki simu zangu, leo yeye ndiye anapiga. Anakuja Jumamosi kutoka Kakamega. Hakusema sababu. Nilisema karibu, halafu nikakaa juu ya ndoo bila kuangalia. Ilikuwa na maji.

Jumatano, 5 Juni

Niandike ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Mama alipofariki, waombolezaji walikula kuku wake wote. Akabaki Kamanda peke yake. Asubuhi ya kuondoka nilimtia kwenye katoni ya sabuni na kupanda naye basi la Nairobi. Sikumwambia mtu. Shadrack ndiye mkubwa wetu, boma ni lake, na kuku alikuwa wake. Nilijua hivyo. Niliiba. Tangu hapo kaka yangu hasemi nami.

Kwa upande wetu ni yeye tu niliyebaki naye. Nikiharibu Jumamosi, hatarudi tena.

Na ndugu mkubwa hapewi ndengu. Kwetu Waluhya lazima kuku achinjwe. Kamanda hata simfikirii. Soni hutaga karibu kila siku. Shangwe ana mguu mbovu na hunifuata hadi mlango wa choo. Mume wangu, Baba Eliza, anasema nichague mmoja, kuku si watoto. Mvua ikinyesha yeye ndiye humbeba Shangwe hadi bandani. Anadhani simwoni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimenoa kisu mara mbili. Nimemshika Soni. Nimemwachilia. Nimemshika Shangwe, akafumba macho na kusinzia mikononi mwangu. Nimerudisha kisu.

Eliza alikuwa mlangoni ananitazama. "Mathe, si ununue tu kuku hapo steji ya 56? Ashachinjwa na kila kitu. Uncle hawezi jua."

Binti wa miaka kumi na sita ananifundisha uongo, na mimi nasikiliza. Jioni nikitoka kazini saluni nikapitia huko kwa mama mmoja anayeuza kuku. Wa kienyeji, mnene, kashanyonyolewa na kukatwa vipande. Nikarudi mtaani kwetu Kongo nikiimba.

Jumamosi, 8 Juni

Kaka amefika saa sita. Amezeeka. Mvi hadi kwenye nyusi. Alinipa mkono, hakunikumbatia. Ameleta ndizi na unga wa wimbi. Tuliongea juu ya mvua na mahindi, kama watu waliokutana stejini. Nikapakua chakula. Baba Eliza akaomba, sala ndefu sana.

Shadrack akachukua kijiko, akageuza vipande kwenye bakuli. Paja. Bawa. Kifua. Akageuza tena, taratibu. Hapo ndipo nilipojua.

Firigisi. Yule mama huziuza kando, kwa wanaozikaanga barabarani. Mwanamke wa Kiluhya, miaka hamsini na moja, na sikuangalia. Kwetu firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Isipoonekana, maana yake amepewa mwingine, na wewe mgeni umeambiwa huna maana. Watu wamenuniana hadi kaburini kwa hilo.

"Shemeji, ni paka," Baba Eliza akasema, kabla hajaulizwa chochote. Hatuna paka.

Kaka akaweka kijiko chini. Akanawa mikono, hajala hata kipande. Akainuka na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata. Alikuwa anaangalia chini, anatafuta manyoya, anatafuta damu. Hakuna. Soni na Shangwe walikuwa wanaparua udongo, wazima kabisa. Aibu niliyoisikia sijui hata niiandike vipi.

Kisha akaona beseni. Akasogea karibu.

"Huyo si wa Mama?"

"Ni yeye."

"Kamanda?"

"Ni yeye, kaka. Nisamehe."

"Waliniambia ulimpika wiki ile ile ulifika. Miaka nne mimi najua mlimkula." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbeba, hata ungeniuliza ningekupa. Lakini kumkula, Beti. Kuku wa Mama."

Akachuchumaa katikati ya sukuma wiki na suti yake ya safari. Akanyoosha mkono. Kamanda akamdonoa vizuri sana. Kaka yangu akacheka, halafu akalia. Mimi nilikuwa nimeanza zamani.

Nikamweleza yote: kisu, Soni, Shangwe, 56. Akafuta macho.

"Kwa hivyo umenivunjia heshima juu ya kuhurumia kuku."

"Ndio."

"Wewe ni Mama kabisa."

Ile nyama hakuigusa hata hivyo. Heshima ni heshima. Nikamkaangia mayai ya Soni, akala manne.

Jumapili, 9 Juni

Amesema hatarudi leo. Anataka kuona mayai yakipasuka. Ameweka kiti chake kando ya beseni na anamsomea Kamanda gazeti. Nina furaha. Nimeunguza chapati mbili kwa kuwasikiliza.

Jumatano, 12 Juni

Saba. Mayai mawili yalikuwa viza. Kaka ndiye aliyesikia sauti ya kwanza, akatuita wote kwa kunong'ona, mzee mzima. Eliza amepiga picha nyingi kuliko siku ya ubatizo wake.

Alhamisi, 13 Juni

Ameondoka. Nilimwambia amchukue Kamanda, ni haki yake. Akakataa. Ana watoto, alisema, na hapa ndiko kwake. Nikamwambia basi achague kati ya binti zake. Baba Eliza alikuwa ameshamficha Shangwe chumbani. Kwa hivyo ni Soni.

Nilitafuta katoni ya sabuni na kuitoboa matundu mwenyewe. Safari hii nilisindikiza katoni hadi stejini, mchana kweupe. Alinikumbatia.

Jumamosi, 20 Julai

Baridi. Nimewawekea maranda mapya. Kamanda amezunguka bustani yote na wanawe sita, mmoja alichukuliwa na mwewe. Dania nimepanda upya, wameshaichimbua.

Kaka amepiga. Hupiga kila Jumamosi siku hizi. Soni analala katika jiko la Mama na ameanza kutaga tena. Kaka mwenyewe anakuja Desemba. Akakohoa kidogo, akauliza kama kati ya vifaranga kuna jogoo.

Yupo. Kilemba chake kimeshaanza kuwa chekundu. Wenzake wote nimewapa majina, yeye nimekataa kumpa. Leo nimemmwagia mahindi mengi kuliko wengine, na alipomaliza alikuja akalala juu ya mguu wangu. Sikuuondoa.