Koti la Mzee Likwata

Kilwa Masoko,
Jumapili.

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepata nafuu na mikorosho imechanua vizuri. Mimi sijambo kwa mwili, ila kichwa ndicho hakijatulia. Ningepiga simu, lakini simu unayopokelea ni ya jirani, na jirani yako namjua.

Msiba bila shaka umeusikia. Mzee Likwata, fundi cherehani, yule mtani wetu uliyekuwa ukinituma kwake kila sikukuu na kifurushi cha korosho, ametutoka. Kikundi chetu cha vichekesho tulikuwa tukirekodia uani kwake, na nguo za kuigizia alitushonea bure. Siku hizi Masoko imejaa wageni, na kikundi chetu ni hivyo hivyo: Wamatumbi, Wamakonde, hata Lightness aliyezaliwa Moshi. Siku ya msiba wote tulichota maji na kupasua kuni kama wenye nyumba.

Utani ukaniangukia mimi. Nikavishwa koti la marehemu, nikaambiwa nipite mbele ya wafiwa nikimwiga, wacheke kidogo wapate kupumua. Lightness alishtuka, akasema kwao mtu wa mzaha msibani hufukuzwa. Nikamjibu kwamba huku mtani asipochekesha ndiye anayelaumiwa. Nilijitapa, mama. Si unajua tena, kuigiza ndiyo kazi yangu.

Nilipopita mara ya kwanza, kina mama walicheka mpaka wakashikana. Nilipogeuka kurudi, kicheko kikakatika. Mmoja akaanza kulia, wengine wakafuata, nami nimesimama katikati ya ua sijui nimekosea wapi. Bi Moza, dada wa marehemu, akanishika mkono akaniingiza ndani. Nikadhani ananivua koti. Badala yake akanifunga vifungo kimoja kimoja, akasema limenikaa kama nilipimwa. Kisha akasema mtoto hamtanii baba yake, na yaliyobaki nikuulize wewe.

Tangu hapo sielewi. Mara nakasirika, mara nacheka peke yangu njiani, watu wakidhani nafanya mazoezi. Uliniambia baba alifia safarini kabla sijazaliwa. Sasa nakumbuka mzee alivyokuwa akinipokea zile korosho, akiniita mtani mwizi, halafu anauliza kama mama hajambo, na kabla sijajibu anainamia cherehani yake.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata wenzangu wa kikundi. Mara ya pili sikumwiga. Nilipogeuka niliona kofia yake imelazwa juu ya cherehani, nikasahau yote niliyojifunza. Nikawa natembea tu, mwendo wangu wa kila siku. Hapo ndipo walipolia.

Arobaini inakaribia. Watani wananisubiri upande wao, na Bi Moza amesema mkeka wangu uko pamoja na watoto wa marehemu. Sijui nikae wapi. Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu, lakini hata hilo sina hakika nalo. Nijibu kabla ya siku hiyo, mama, hata kwa mstari mmoja.

Nisalimie wote nyumbani. Babu Abilahi mpe shikamoo yangu, umwambie jina lake nimelibeba nyuma ya langu kwa heshima tangu darasa la kwanza.

Ni mimi mwanao,
Bashiru

Jina la pili jaza wewe.