Saa Ishirini za Gamba

Jumatatu, 6 Februari

Nimeitwa shuleni. Nikajua tu, binti yangu Chiriku kapiga domo darasani tena. Jina hilo hatukumpa bure. Kumbe siyo. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniita. Kamwinamisha mtoto mbele yangu, akasema, baba, tazama mgongo huu. Nikatazama. Upande wa kulia umenyanyuka, wa kushoto umelala. Uti wa mgongo unakwenda kombo kabisa.

Akauliza kama nyumbani hatukuona. Nikasema hapana.

Mwongo mimi! Fundi cherehani mzima, kazi yangu ni miili ya watu. Mwaka mzima nampunguzia binti yangu pindo upande mmoja ili sketi ikae sawa. Bega la kushoto nimemtilia sponji. Nguo nimeirekebisha mara tatu, mgongo sikuuliza hata mara moja. Nikajisemea anabeba begi vibaya. Tena sare ilipokaa vizuri nikajisifu! Nimetembea kutoka shuleni hadi dukani bila kumsalimia mtu.

Jumanne, 14 Machi

Picha ya mgongo imetoka. Digrii ishirini na tisa.

Daktari wa mifupa ni mama mfupi, mpole, hana maneno mengi. Anasema si begi, si kulala vibaya, si kosa la mtu. Wapo watoto mgongo unapinda wenyewe na sababu haijulikani. Ila ana miaka minane tu, bado atarefuka sana, na akirefuka unaweza kuzidi kupinda. Kwa hiyo avae mkanda wa plastiki ngumu, saa ishirini kwa siku. Ukizuia, vizuri. Usipozuia, upasuaji.

Mama yake aliandika kila neno. Yeye ni mpishi shule ya bweni, Jumamosi jioni ndiyo anafika, Jumatatu alfajiri keshaondoka. Daktari katoa fomu ya kujaza saa za kila siku, naye kanikabidhi palepale. Baba Chiriku, hii yako, mimi siko. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Chiriku aliuliza swali moja tu: akiuvaa ataruhusiwa kuongea? Daktari kacheka mpaka miwani ikamshuka.

Jumamosi, 22 Aprili

Wiki ya pili ya mkanda. Unaanzia kwapani mpaka nyongani, unafungwa kwa mikanda mitatu nyuma. Chiriku kauita gamba. Anajigonga tumboni, ko ko ko. Hodi! Nani? Kobe! Mwenyewe anajichekea. Jana kalia kidogo, ubavuni kumechubuka, nikamshonea fulana laini isiyo na mshono pembeni. Hiyo kazi nimeiweza. Fomu nayo inajazwa kila siku, ishirini, ishirini, kumi na tisa siku moja alipoumwa tumbo.

Jumanne, 30 Mei

Leo nimefanya jambo. Niliandike tu, maana kulisema siwezi.

Alikuja mteja na binti yake anayeolewa. Magauni sita, kazi ya kutangaza duka. Chiriku alikuwa kwenye kigoda chake anatenganisha vifungo, kakaa wima, gamba limetokeza chini ya fulana. Yule mama akamkazia macho. Fundi, mtoto huyu ana nini? Kibiongo? Binti yake akamkanyaga mguu, lakini na yeye anatazama. Fundi wa kunyoosha nguo za watu, wa kwake kapinda! Ndivyo nilivyowasikia wakifikiri. Labda hawakufikiri lolote.

Nikacheka. Nikasema ni mtoto wa jirani, ananisaidia tu.

Chiriku hakuinua uso. Vifungo vyeusi huku, vyeupe huku. Walipotoka ndipo akaniuliza, baba, jirani yupi?

Nikamwambia nilikuwa natania. Kisha nikasema leo joto kali, njoo nikufungue gamba upumzike. Akafurahi! Akanirukia shingoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwenye fomu nimeandika ishirini.

Jumatano, 12 Julai

Imekuwa mazoea. Akitoka shule saa nane namfungua, gamba naliweka chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora ya vitambaa. Mpaka tufunge duka. Jumamosi kutwa. Njiani kurudi nyumbani pia havai, maana njiani kuna watu.

Namwambia ni joto. Wiki iliyopita mvua imenyesha siku tatu na bado nimesema joto.

Nimemwomba asimwambie mama, atahangaika bure kazini. Kaitikia kwa kichwa. Huyu anayeongea mpaka usingizini! Jumapili mama yake anamfunga mikanda, anamuuliza wiki ilikwendaje, anajibu, nzuri. Neno moja. Na mimi nipo pale napiga pasi, sijui nitazame wapi.

Ijumaa, 8 Septemba

Sasa hata asubuhi havai. Nampeleka shule mimi, na pale getini wazazi wanasimama kupiga soga. Mwalimu wa michezo kauliza mkanda uko wapi. Nikasema daktari kapunguza saa. Ulimi ukateleza vizuri tu, kama umetiwa mafuta.

Limebaki gamba la kulalia, na la Jumapili. Kwa siku ni saa tisa au kumi tu. Kila Jumatatu nakaa na fomu, najaza wiki nzima kwa mpigo. Nabadilisha kalamu ili isionekane. Nimekuwa hodari wa hilo.

Juzi nimempima sare mpya. Bega limeshuka zaidi. Nimeongeza sponji.

Alhamisi, 2 Novemba

Digrii arobaini na saba.

Mama yake aliomba ruhusa, tulikuwa wote watatu. Daktari kaweka picha mbili ukutani, ya Machi na ya leo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kisha akafungua fomu. Karatasi baada ya karatasi, ishirini, ishirini. Akaniuliza, baba, ni kweli hizi? Nikasema ndiyo.

Akamgeukia Chiriku. Na wewe, mkanda umeuvaa kila siku?

Chiriku akanitazama. Kidogo tu. Halafu akasema, ndiyo, kila siku. Sauti kavu, hata hakumeza mate. Mtoto wa miaka minane kanifichia aibu yangu mbele ya mama yake!

Daktari akamsifu, wewe shujaa. Akatueleza taratibu. Angekuwa mtoto asiyevaa, angempa miezi sita mingine avae sawasawa kwanza. Lakini huyu kavaa na bado umepinda, maana yake mkanda umeshindwa, tusipoteze muda. Watamweka vyuma viwili pembeni mwa uti wa mgongo, na kadiri anavyokua watakuwa wakimfungua na kuvirefusha. Si mara moja. Miaka. Hatari zake akazitaja zote, na ya miguu akaitaja, sitaki kuiandika.

Mama yake akanishika mkono chini ya meza. Akasema, asante baba Chiriku, umefanya uliloweza.

Asante!

Ijumaa, 3 Novemba

Sijashona kitu. Mkasi mkononi, kitambaa mezani, nimesimama tu. Mteja kaniuliza kama naumwa.

Nimejitetea weee. Labda ungepinda tu hata angevaa. Daktari mwenyewe alisema wapo ambao mgongo hausikii mkanda. Basi nikisema ukweli atapewa miezi sita ya bure, na uzidi kupinda. Kwa hiyo kunyamaza ni kumsaidia! Nimejisikia nikisema hivyo kwa sauti, peke yangu dukani, nikaona haya.

Ukweli ni kwamba sijui. Hakuna anayejua, na mimi ndiye niliyefanya isijulikane. Daktari anakata shauri kwa karatasi niliyoitunga mwenyewe kwenye meza ya kukatia.

Jumapili, 5 Novemba

Asubuhi Chiriku alikuwa kavaa gamba kabla hatujaamka. Kajifunga mwenyewe, mikanda imepishana. Mama yake akamwambia mwanangu, limeshashindwa hilo, pumzika. Akakataa. Akasema, samahani mama, mgongo wangu haukusikia.

Mama yake akamkumbatia, akamwambia si kosa lako, si kosa la mtu yeyote. Mimi niko mlangoni. Ilikuwa nafasi yangu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikasema chai inapoa.

Alasiri nimekaa naye nje kwenye ngazi, mama yake anafua. Akaniuliza vyuma ni vya aina gani, vitapiga kelele akikimbia? Nikamwambia hapana. Kisha akavuta uzi wa fulana yake.

Baba, wakishaninyoosha, utawaambia wateja mimi ni wako?

Nilimvuta, nikalia kwenye nywele zake kama mtoto, na yeye ndiye akawa ananipigapiga mgongoni, basi baba, basi. Mama yake katokeza na povu mikononi. Akadhani nalilia upasuaji. Akaanza kunibembeleza na yeye.

Miezi mitano mtoto huyu alikuwa anajua. Kumbe hakuamini habari ya joto hata siku moja.

Alhamisi, 9 Novemba

Hospitali. Benchi la nje ya chumba cha daktari. Nimekuja na daftari hili; mama yake Chiriku hudhani ni la vipimo vya wateja.

Jumatatu nilisema nitamwambia mama yake ukweli kwenye simu. Haikupokelewa, nikashukuru. Jana kaomba ruhusa tena, kafika jioni, nikasema acha ale kwanza. Akala. Nikasema acha aoge. Hivyo hivyo mpaka hapa.

Nesi kaleta karatasi ya ridhaa. Inatakiwa sahihi ya mzazi mmoja, wakishaipata wanampangia tarehe. Mama yake anaisoma yote, kidole kikifuata mistari. Chiriku kakaa katikati yetu, gamba limebana, anahesabu vigae vya sakafu. Kimoyomoyo, si kwa sauti.

Kamaliza kusoma. Kapekua mkoba, hana kalamu. Kanigeukia, baba Chiriku, nipe hiyo nisaini, vipimo vya wateja utaandika baadaye.

Nimemwambia ngoja, namalizia.

Mkono kaunyoosha. Mimi bado naandika. Nikiacha kuandika kalamu inakwenda kwake. Chiriku kaacha kuhesabu, ananitazama mimi, si mama yake. Nesi katoa kichwa mlangoni, anauliza kama tayari.

Mama yake anacheka kidogo, ananiinamia aone. Baba Chiriku, anauliza, unamalizia nini?