Askari ya udongo mwenye jembe

Mujukuu wangu Masika,

Jambo sana kutoka Butembo. Mama yako ni muzima. Magoti yangu tu ndiyo imechoka. Unapakaa rangi baaskari badogo ba mchezo wako wa vita ya mezani kule mbali, na unaniuliza: «Koko, waasi balikuwa rangi gani?»

Lakini waasi habakuwa na rangi moja. Wakati ya uasi, tungali batoto, mimi na kaka yangu Kambale tulifinyanga baaskari ya udongo ya kuchezea. Kila jeshi mupya ilipoingia muji, tulibabadilisha rangi bafanane nayo: makaa, chokaa, tena makaa. Batu ni balebale. Tulichoka.

Siku moja Kambale akavunja bunduki ya mumoja, akamushikisha jembe ya kijiti. Akasema: «Huyu anarudia kwetu Masereka, kulima viazi.»

Majeshi ingine ilikuja. Huyo peke yake hatukumupakaa tena.

Koko yako