Jiwe la Gramu Mia

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo inatimia miaka arobaini na miwili tangu nitoke Wete, Pemba. Uzito asubuhi kilo 71.4. Jana 71.4. Juzi vilevile.

Wanga gramu 180, protini 150, mafuta 45. Kalori 1,725. Mchele nimeupima mbichi, kidari cha kuku bila ngozi. Natumia mizani ya mke wangu, ile ya sahani mbili aliyouzia dagaa Kariakoo miaka thelathini, na mawe yake matatu madogo: la mia mbili, la mia, la hamsini. Hakuna mizani ninayoiamini kuliko hiyo.

Mashindano ni Jumamosi ya tarehe 7 Februari. Watunisha misuli wasiotumia dawa, kundi la wazee, mwisho kilo 68. Ukizidi hupandi jukwaani. Nina miaka sitini na minne. Tangu Oktoba nimeshusha kilo sita. Tangu mwaka mpya, hata robo.

Nikipata medali, Idi nakwenda Wete. Nitagonga mlango wa kaka yangu Faki nikiwa nimeivaa. Baba alipokufa Faki alifunga nyumba na kuniambia mwili wangu ni ufito, shamba la mikarafuu nitalilimia nini. Nikaondoka na shati moja. Maneno yale nayakumbuka mpaka leo, neno kwa neno.

Alhamisi, 15 Januari

71.4. Hasira tupu.

Gym yetu iko Ilala, nyuma ya gereji. Vyuma vingine ni gia za lori. Kocha Sudi ni rika la mwanangu wa mwisho. Alinitazama kiuno mbele ya watu.

“Shikamoo babu. Sema ukweli, mama anakutilia pilau?”

Vijana wakacheka. Nilimpa daftari langu. Akapekua kurasa mbili.

“Daftari safi, babu. Tumbo ndiyo halijasoma.”

Nimefanya kazi ya kusahihisha chapa miaka ishirini na minane. Nimewahi kurudia kitabu kizima kwa ajili ya mkato mmoja. Leo naitwa mwongo wa chakula na mtu asiyejua kuandika jina langu. Amenipunguzia wanga hadi 150. Kalori 1,605. Nimechuchumaa na chuma begani, na sikukiangusha.

Jumapili, 18 Januari

71.4.

Bi Tatu wa mlango wa pili kaleta bakuli la maharage ya nazi. Kaniuliza kwa sauti ya msibani kama nimepima sukari. Nimerudisha bakuli bila kuonja. Kanuna. Kwenye mtaa huu mzee akikonda ama ana sukari ama mkewe hamlishi. Hakuna sababu ya tatu.

Mke wangu alisikia. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu sana.

Jumatano, 21 Januari

Siku ya aibu. Niiandike yote.

Asubuhi nilinunua nusu kilo ya mchele kwa Salim, mwenye duka Kariakoo. Babu yake alikuja kutoka Hadhramaut, baba yake aliniuzia mchele, sasa ananiuzia yeye. Nyumbani nikaupima. Mia tatu, kisha mia. Ukaisha. Gramu mia hazipo.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu, jua kali, tumbo tupu. Duka limejaa. Wapagazi mlangoni na magunia. Nikamwambia mbele ya wote kwamba baba yake hakuwa hivi. Nikasema mengine ambayo sitayaandika.

Salim alinyoosha mkono tu. “Weka hapa, Mzee Hamad.”

Mizani yake ya umeme ikasoma 500. Akaondoa mfuko, akaweka pakiti ya sukari ya nusu kilo iliyofungwa kiwandani. 500.

“Ya kwako nyumbani ndiyo inakula, mzee.”

Mpagazi mmoja akasema, “Mzee kajipunja mwenyewe.” Walicheka hadi wa duka la pili. Nikatoka bila kuomba radhi.

Nyumbani nililigeuza jiwe la mia. Chini lina tundu, kama mawe yote ya mizani. Tundu limezibwa kwa nta ya mshumaa. Nikakwangua kwa kisu. Risasi ya kuzamishia nyavu, ile inayouzwa soko la samaki la Feri, imepondwa na kukandamizwa ndani. La mia mbili hivyohivyo. La hamsini hivyohivyo.

Mia ni mia na ishirini na tano. Wanga 180 ilikuwa 225. Kalori 1,725 ilikuwa 2,156. Nimelala na njaa wiki tatu ili nibaki palepale.

Mtu mmoja tu katika nyumba hii anajua kuchezea jiwe la mizani.

Alhamisi, 22 Januari

Nimemfokea Mama Rukia. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, sijawahi kumfokea hivyo. Nimemwita mpunjaji.

Hilo ndilo lililomsimamisha.

“Sijawahi kumpunja mtu. Muulize yeyote pale sokoni. Wewe nimekuzidishia.”

Nikasema kwamba ni kitu kilekile. Amenifanya mwongo kwa kocha na mgomvi kwa Salim.

“Siku ya kwanza ulipokuja kwenye meza yangu ulitaka dagaa robo kilo. Mbavu zinahesabika. Nilikupimia karibu nusu. Mbona siku ile hukugeuza jiwe?”

Nikasema wakati ule nilikuwa na njaa ya kweli.

“Na hii ya sasa ya nani? Unajikausha ukamwoneshe Faki, Baba Rukia. Faki hajauliza hata mara moja kama umekufa au u hai. Mimi ndiye naulizwa bombani kama nakulisha.”

Akaingia chumbani. Nimeondoa risasi zote. Nimezifunga katika kipande cha gazeti. Bado nina hasira. Naandika ili nisiseme.

Jumamosi, 24 Januari

71.0. Sasa mia ni mia.

Nimekwenda kwa Salim nikamwomba radhi, mbele ya wapagazi walewale. Mawe nimeyapima kwake. Yako sawa. Akasema, “Yameisha, mzee.” Halafu akauliza nani aliyeyatia risasi. Nikamwambia. Hakucheka. Akasema hajawahi kusikia mchuuzi Kariakoo aliyeongeza jiwe uzito.

Kocha sikumweleza. Aendelee kudhani ni pilau.

Ijumaa, 30 Januari

69.8. Wanga 120 tu, isipokuwa siku ya mazoezi ya miguu, 200. Njaa hii ni nyingine. Najua sasa ile ya mwanzo wa mwezi haikuwa kitu. Nachukia harufu ya vitumbua vya asubuhi. Namchukia jirani anayekaanga samaki. Nimesoma ukurasa mmoja mara tano na sijui unasema nini.

Mke wangu hasemi nami. Anapika. Lakini mawe anayaweka sahanini yeye mwenyewe, yamegeuzwa, matundu juu, ili nione.

Jumatano, 4 Februari

68.6. Sudi kanibana ngozi ya kiuno kwa vidole viwili. Akasema: “Babu, nisamehe kwa lile la pilau.” Nikamjibu afanye kazi yake. Sikuwa na nguvu ya kusamehe.

Usiku wa jana niliota bandari ya Wete. Sikumwona Faki. Niliona mizani tu.

Jumamosi, 7 Februari

67.9 mbele ya wasimamizi. Nimepanda.

Wazee wanne. Mmoja ana mgongo wa farasi, sikuwa na la kumfanyia. Nimekuwa wa tatu. Medali nyepesi, ya rangi ya chai.

Nilipogeuka kuonesha mgongo, ndipo nilipogundua kwamba tangu mwanzo nilikuwa namtafuta Faki kwenye viti. Mtu wa Pemba, miaka themanini kasoro, atafuteje ukumbi wa Dar kumtazama mdogo wake aliyepakwa mafuta? Nilijiona mjinga, huku nimebana pumzi.

Nikageuka mbele. Kiti cha kwanza, baibui, mkoba mapajani: mke wangu. Sikumwambia ukumbi ni upi. Pembeni yake Bi Tatu amefunika macho kwa ukingo wa mtandio na anachungulia.

Mlangoni mke wangu alinitupia kanga mabegani. Maneno yake ya kwanza baada ya wiki mbili:

“Jifunike. Mzee mzima na kichupi, mtaa mzima utanisema hadi Ramadhani.”

Halafu akashika mkono wangu wa juu, pale penye msuli, kama anayekagua papai. “Kumbe kweli,” akasema.

Jumapili, 8 Februari

Sijapanda mizani.

Mchana amepika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Alipakua kwa upawa, bila jiwe. Nikasema basi. Akaongeza. Nikala wote. Bi Tatu alipita, akatazama sahani, akaenda zake ameridhika.

Nimeitundika medali kwenye msumari juu ya mizani. Risasi bado zimo ndani ya gazeti, mfukoni mwangu. Alasiri nilikaa barazani, nikasoma kurasa arobaini na kuelewa zote.

Binti yetu Rukia kapiga simu kuuliza tiketi ya boti ya Idi aninunulie ya siku gani. Nimemwambia asinunue.

Wete sitarudi.