Hukumu Niliyoiandika Ubaoni

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Si ugonjwa ulionizuia, wala si kazi, ingawa kazi ipo. Ni barua yenyewe iliyokataa kuandikika. Nimeianza mara kadhaa nikaichana, na wewe unajua nilivyo bahili wa karatasi. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na kwamba majirani bado wanakuletea chakula, maana ukiachiwa jiko utakunywa chai kavu asubuhi na jioni. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za shule, lakini nimeliambia kwamba tumeajiriwa sote wawili, kwa hiyo halina budi kufika.

Naam, nimeajiriwa tena. Mwalimu wa Dini na Maadili yuko likizo ya uzazi, na mkuu wa shule, ambaye nilimfundisha sarufi alipokuwa bado anavaa kaptura, alikuja sebuleni kwangu kuniomba nilishike darasa la kidato cha tatu kwa muda. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa ngeli na nyakati, si wa mambo ya roho. Akacheka, akasema kwamba wanafunzi hao wanahitaji kwanza mtu wa kuwanyamazisha, mambo ya roho yatafuata. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa binti yako darasani na shangazi yake nyumbani. Wenzake wananiita Bi Nukta nikiwapa kisogo, nami najifanya sisikii.

Binti yako ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa makusudi, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya barua hii. Tangu mwezi uliopita haendi nami kwenye ibada, na sasa amesema kwamba hatakuja huko nyumbani kwako likizo hii. Usishtuke, wala usikimbilie kufunga safari kabla hujasoma mpaka mwisho. Nataka uyapate mambo kwa mpangilio wake, maana sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Somo hili lina desturi moja wanayoiita kesi ya juma. Mwanafunzi husimama na kueleza jambo lililomkuta mtu fulani, bila kutaja jina. Wenzake hubishana, kisha mwalimu hufunga kwa hukumu fupi ubaoni, nao huinakili kwa ajili ya mtihani, kwa kuwa watahini hupenda majibu mafupi. Nilikuta kwamba mwalimu niliyempokea alikuwa akiziacha kesi nyingine bila hukumu. Niliona huo ni uvivu. Mimi nilizifunga zote: mtu fulani aliyeokota simu akaizima, mtu fulani aliyemdanganya bibi yake kwamba amefaulu. Mara nyingi mtu fulani mwenyewe alikuwa amekaa dawati la mbele, masikio yamemwiva, na darasa zima linamtazama.

Zamu ya binti yako ilipofika, alisimama wima, mikono nyuma, akaeleza kwamba katika mtaa fulani kuna mtu anayeongoza ibada. Kila juma husimama mbele ya watu, akawaombea wagonjwa, akazika, akawaliwaza waliofiwa. Lakini moyoni ameacha kuamini. Hakuna anayejua ila mtu mmoja aliyeambiwa kwa siri. Akauliza kama kiongozi huyo anatenda kosa, na huyo aliyeambiwa afanye nini.

Darasa lilichemka. Yuko msichana wanayemwita Redio, kwa sababu hana sauti ya chini. Yeye alidakia kwamba huyo ni tapeli kama wale wanaouza dawa ya kila ugonjwa stendi. Kijana mmoja wa dirishani akasema kwamba dereva wa basi haulizwi kama anaipenda safari, abiria wanachotaka ni kufika. Redio akamjibu kwamba siku akiugua basi aende akaombewe na dereva. Walicheka hata nikagonga meza. Ndipo binti wa fundi cherehani, mtoto mpole ambaye huongea kama anayeomba ruhusa, akasema kwamba mama yake hushona magauni ya harusi ijapokuwa ndoa yake mwenyewe ilivunjika na haamini tena habari za ndoa, na hakuna bibi harusi aliyewahi kurudisha gauni. Pengine, alisema, mtu huyo anasimama pale kwa ajili ya wale wanaomtazama. Nilimwambia akae. Nilimwambia kwamba hiyo ni huruma, si hoja.

Kisha nikaandika hukumu: Asiyeamini asiongoze waaminio. Anayejua akanyamaza ni mshirika wake.

Niliweka nukta kwa nguvu hata chaki ikavunjika. Nilijiona nimeandika sentensi safi. Binti yako alinakili kama wenzake, kwa ule mwandiko wake mzuri, akafunga daftari.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Alikuwa na mazoea ya kuimba kwa sauti ya puani akiosha vyombo, akaacha. Siku ya ibada alisema tumbo linamuuma. Mara ya pili likawa kichwa. Mara ya tatu hakutafuta kiungo kingine, alisema tu kwamba haendi. Mimi, kama unavyonijua, nikampa hotuba kamili, yenye utangulizi na hitimisho, naye akaisikiliza macho chini. Wiki iliyopita nilimkuta akipiga pasi sare zake, nikamwambia aanike begi lake juani maana likizo imekaribia. Akasema hatakwenda. Akija huko, alisema, itambidi ama aketi nyuma yako na kuitikia kama watu wengine, ama asimame aseme, na hajui lipi ni baya zaidi. Nikamuuliza aseme nini.

Mdogo wangu, hapo ndipo aliponieleza yale uliyomwambia jikoni baada ya sisi kumzika wifi yangu: kwamba maneno yote unayatamka kama zamani, lakini huoni tena kwamba kuna anayesikiliza. Na kwamba ulimsihi asimwambie mtu yeyote.

Kumbe mtu fulani ni wewe. Na yule mshirika niliyemhukumu mbele ya darasa zima ni mtoto anayelala chumba cha pili kutoka changu. Alikuwa amekuja kuuliza njia, nami nikamfungia mlango. Nilimwondolea pasi mkononi, nikamkumbatia, vibaya, kama mtu asiye na mazoea. Alilia hata bega la gauni langu likalowa.

Kipindi kilichofuata niliwaambia wanafunzi waifute hukumu ile madaftarini. Redio akauliza waandike nini badala yake, endapo swali litatoka kwenye mtihani. Nikamjibu kwamba sijui. Sijawahi kulinyamazisha darasa kama nilivyolinyamazisha kwa neno hilo. Kisha nikamwomba radhi binti wa fundi cherehani, naye akaona haya kiasi kwamba akajificha nyuma ya kitabu.

Juu ya imani yako siandiki hukumu yoyote. Nilikuwapo ulipomwombea wifi yangu mpaka sauti ikakukauka, na niliona ulivyonyanyuka pale alipokwisha kukata roho. Najua pia kwamba nyumba unayoishi ni mali ya waumini, na jambo hili likijulikana utatoka na masufuria yako kichwani. Chumba kipo kwangu, na wewe huhitaji kubisha hodi. Lakini uamuzi wa kubaki au kutoka ni wako, na usimfanye mtoto akuamulie kwa kunyamaza kwake.

Barua hii ameisoma. Amenisahihisha mahali pawili, na nimelazimika kukubali. Nilipomuuliza niongeze nini, alifikiri sana, kisha akaniomba niandike hivi: hajakukasirikia kwa sababu umeacha kuamini. Amekukasirikia kwa sababu ulimtwisha siri hiyo siku aliyomzika mama yake, kisha ukatoka nje kwenda kuwaliwaza wageni.

Nimeandika kama alivyosema, bila kulainisha.

Mwandikie. Si mimi, yeye. Mimi nitasubiri zamu yangu. Usimweleze habari za dini, mwulize hali yake. Sasa hasemi tena kwamba haji, ila bado hajaamua kama atakuja likizo hii, na nimejizuia kumsukuma, jambo ambalo wewe peke yako unaweza kujua linanigharimu kiasi gani. Wasalimu majirani, na umshukuru kwa niaba yangu yule mama anayekuletea uji. Siku binti yako atakapoamua, liwe lolote, nitakuandikia kabla jua la siku hiyo halijazama.

Ni mimi dada yako,
anayekuombea, upende usipende.