Mawe Katika Jeneza la Mariana

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Afande Violeth, mpelelezi kutoka mjini, amekuja tena. Anataka kufukua kaburi la binti yangu Mariana, aliyeuawa mwaka 2008 kwa sababu ya ualbino wake. Masalu, aliyehukumiwa kunyongwa, anasisitiza hadi leo kwamba si yeye. Afande anataka mifupa ilinganishwe na panga lililoletwa mahakamani.

Nimemwomba muda. Naogopa.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemweleza ukweli. Kaburi la nyuma ya zizi si kaburi. Mifupa ya watu kama Mariana ilikuwa ikiibwa, kwa hiyo mimi na marehemu mume wangu tulimzika chumbani mwetu, tukamwaga zege, kitanda kikarudi juu yake. Jeneza walilolisindikiza waombolezaji tulilijaza mawe. Tuliojua ni sisi wawili tu. Hata kaka yake, Deogratias, hajui.

Afande hakunilaumu. Amenionya nisimwambie mtu. Atarudi Jumamosi na kibali. Mjukuu wangu Nyamizi — naye ana ualbino kama shangazi yake — aliuliza mgeni amefuata nini. Mambo ya wakubwa, nikamjibu.

Alhamisi, 25 Septemba

Usingizi hakuna. Mbwa wakibweka nakaa kitako.

Ijumaa, 26 Septemba

Alasiri hii amekuja Mayala. Jirani yetu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Ndiye aliyetoa ushahidi kwamba alimwona Masalu akikimbia na panga. Shikamoo, marahaba, kama kawaida. Nilimfundisha darasa la nne. Aliuliza kama ni kweli polisi watafukua. Nikasema ndiyo, kule nyuma ya zizi.

Akacheka. “Mayu,” akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, “mnamchosha bure yule mama wa polisi. Achimbe weee, ataambulia mawe.”

Mawe!

Nikasema naenda kutazama chai, nikaingia chumbani kabla hajauona uso wangu. Mume wangu hakumwambia mtu; namjua. Mwaka ule tuta la kaburi la nyuma ya zizi lilititia, tukadhani ni mvua. Kumbe lilifukuliwa. Mtu huyu aliitaka mifupa ya mwanangu — na Masalu amezeekea gerezani kwa maneno yake.

Nimempigia Afande. Hapatikani. Nimepiga tena. Hapatikani.

Mayala ananiita kutoka uani. Mbona Nyamizi amechelewa kurudi kutoka shuleni? Njia siku hizi si nzuri, anasema, na pikipiki anayo, ngoja akamchukue. Nimepaza sauti kwamba tutakwenda wote.

“Pumzika tu, Mayu. Mtoto namjua.”

Anaiwasha. Viatu sivioni — nakwenda hivihivi.