Kiraka cha Baiskeli ya Nyanjige

Jumatatu, 3 Machi
Tyubu tatu kabla ya saa nne. Ukungu bado umelala barabarani hapa Butiama, baiskeli zinatokea moja moja kama zimetoka kwenye usingizi wa mtu. Napenda asubuhi za hivi. Nazamisha tyubu kwenye beseni, nasubiri mapovu, nasahau nasubiri nini.

Kaka yangu Mafuru kapiga simu kutoka Bunda. Ni fundi baiskeli kama mimi, yeye ndiye aliyenifundisha. Bado anachoma viraka kwa moto. Anasema viraka vyangu vya gundi havimalizi masika. Nimemwambia vinamaliza mwaka. Tangu Januari kila kiraka ninachobandika naandika tarehe yake kwa kalamu. Tutaona.

Wa mwisho alikuwa Nyanjige, mhudumu wa afya anayezunguka Buswahili kuangalia wajawazito. Tairi la nyuma, tundu karibu na valvu. Ana haraka. Nimembandikia, kaondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Hakuna kazi. Nimelala mchana, nimeota Rukuba, kisiwa nilichozaliwa. Mama anaanika dagaa juu ya maji yenyewe na hawazami. Nimeamka nina furaha, sijui ya nini.

Alhamisi, 20 Machi
Nyanjige kapita, kapiga kengele, hakusimama. Siku ya kumi na saba na kiraka kinashika. Nimejisikia mkubwa.

Mteja mgeni kaniuliza fundi yuko wapi. Huwa wananiulizaga. Nimemwambia fundi ndiye huyu aliyevaa gauni.

Jumamosi, 5 Aprili
Habari mbaya.

Jana mchana Sabina wa Buswahili, binti wa watu, mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu. Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake tu. Mama mkwe akampigia Nyanjige, akasema uchungu umeanza, hakusema kuna damu. Nyanjige akapanda baiskeli. Katikati ya njia tairi la nyuma likaisha upepo. Akaiacha kwenye shamba la pamba, akakimbia kwa miguu. Alipofika akakuta damu imefika mlangoni. Ndipo akaita gari.

Sabina wamempeleka Musoma. Mtoto mzima, wa kike. Mama hali yake haijulikani.

Nyanjige mwenyewe ndiye kaniletea baiskeli. Macho mekundu. Kasema ni miiba ya kule. Nimesema ndiyo, itakuwa miiba.

Jumapili, 6 Aprili
Sijaenda kanisani. Nimekaa mbele ya beseni. Ndani yake kuna wingu moja linatembea, nimeliangalia mpaka likaisha. Nilikuwa naogopa kuizamisha tyubu ya Nyanjige.

Niliomba tundu jipya. Niliomba mwiba. Nimeizungusha tyubu yote majini polepole. Mapovu yametoka sehemu moja tu, kwenye ukingo wa kiraka changu. Tarehe tatu Machi, mwandiko wangu.

Nimekivuta kwa kucha. Kimetoka chote, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake gundi bado inang'aa. Haikuwahi kukauka. Nimekumbuka sasa. Alisema ana haraka, nikapuliza kwa mdomo mara mbili, nikabandika. Gundi unaiacha mpaka ukigusa kidole hakinati. Hilo najua kama ninavyojua jina langu.

Nimeziba upya, nimesubiri. Nyanjige kaja jioni kuichukua. Sijasema kitu. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 9 Aprili
Siku ya tatu naishi kama niko chini ya maji. Watu wananisalimia, midomo inacheza, sauti inachelewa kufika.

Nimempigia Mafuru. Nilitaka alaumu gundi, tuanze ubishi wetu.

"Uliiacha ikauke?"

"Hapana."

Nyuma yake nikasikia ng'ombe wanapita.

"Basi siyo gundi, dada. Ni wewe."

Nimelia. Halafu nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimemfuata Nyanjige zahanati, nimemwambia. Alikuwa anapanga kadi za kliniki. Aliendelea kuzipanga mpaka zikaisha.

"Kila mtu nimemwambia miiba," kasema. "Ni kweli nilikuharakisha. Lakini fundi ni wewe, ungenikatalia."

Kisha kaniambia nisilolijua. Sabina yuko hai, ila wamemtoa kizazi. Ana miaka ishirini na mbili. Nimemuuliza, tairi lingeshika ingekuwaje? Kasema hakuna anayejua, hata daktari.

Ningepewa jibu lolote ningejua pa kuliweka. Hili sina pa kuliweka.

Jumatatu, 14 Aprili
Musoma. Juu ya ziwa wadudu wadogo wa majini wamepanda kwa maelfu, kama moshi wa kijiji kisichokuwepo. Nimesimama nawaangalia, nimetamani nisifike hospitali.

Sabina ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Mtoto kalala kifuani kwake. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anamenya chungwa. Nimesema yote, tangu haraka ya Nyanjige mpaka gundi mbichi. Sikujitetea.

Mama mkwe kaacha kumenya. Kasema na yeye alisema uchungu tu kwenye simu, hakusema damu, aliogopa kuitamka.

Sabina kafumba macho. Nilidhani kalala.

"Nilikuwa nasikia kengele ya baiskeli," kasema. "Muda wote. Nikasema huyo Nyanjige anakuja. Kumbe nilikuwa naota."

Kamfunika mtoto mgongo kwa kanga.

"Sijui nikukasirikie au nifanyeje, fundi. Nimechoka. Njoo siku nyingine nikiwa na nguvu."

Jumanne, 22 Aprili
Nimewaita wote niliowazibia tangu Januari. Leteni, nitapima. Wengine wamecheka. Wamekuja.

Siku nzima beseni na tyubu. Viraka vingi vimeshika kama siku ya kwanza. Kimoja cha Januari kimepita matope, mizigo ya mkaa, jua la mchana, nimekivuta kwa koleo na hakitikisiki. Mzee mmoja analima pamba kaleta tyubu yenye kiraka cha moto cha Mafuru, cha miaka mingi. Mpira wenyewe umechanikachanika pembeni kama udongo wa kiangazi. Kiraka kizima. Kwa hiyo gundi inashika, na moto unashika.

Viwili vinavuja. Vyote viwili nakumbuka: kimoja jua lilikuwa linazama, kingine mvua ilikuwa inaanza. Nimewaambia wenyewe. Mmoja kasema hatarudi kwangu. Sawa.

Jumatatu, 28 Aprili
Mwalimu kaja mbio, anachelewa kipindi. Kasema bandika tu. Nimemwambia akae. Kanuna. Tumeangalia gundi ikikauka, upepo unapita kwenye mahindi. Mwishoni kasema hajakaa hivi siku nyingi.

Nyanjige hajapita. Anazunguka njia ya juu ili asipite hapa. Naumia.

Jumapili, 18 Mei
Nimeenda Buswahili baada ya misa, kwa miguu. Sikupeleka maneno. Nimepeleka uji wa ulezi kwenye chupa.

Sabina alikuwa kwenye baraza, kanenepa kidogo usoni. Kaniangalia muda mrefu. Nikasubiri anifukuze. Ilikuwa haki yake.

"Bado nina hasira," kasema. "Zinakuja, zinaondoka."

"Zikija niambie."

"Nitakuambia."

Akanywa uji. Mtoto akaanza kulia, yeye akasema tangu jana hajapata usingizi, mama mkwe yuko shambani. Akasimama, akaniwekea mtoto mikononi bila kuniuliza, akaingia ndani. Nikasikia kitanda kikilia. Kisha kimya.

Mtoto anaitwa Tabu, kama bibi yake. Mzito kuliko nilivyotegemea. Nimetembea naye uani, taratibu, kutoka jikoni mpaka kwenye uzio na kurudi. Mbuzi wamelala. Pamba ya jirani imefunguka, nyeupe, kama mtu kaiwazia. Sikuwaza chochote. Tumetembea hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye uzio, na mama yake bado amelala.